Taa Iliyokuja Kuomba Moto

Mkwe wangu hajawahi kutamka jina langu. Kwetu Kivu, Kongo, mwanaume hataji jina la mama mkwe, hata nyumba ikiungua. Tunaishi naye nyumba moja hapa Columbus, Marekani, ananiita Mama tu. Kanisani kuna mama mwingine mwenye jina kama langu, na huyo naye anamwita "mama wa kiti cha mbele", ulimi usije ukateleza.

Basi asubuhi moja niko na chai yangu, simu inalia, na mwanaume nisiyemjua ananitaja jina lote, la ukoo na la ubatizo, bila hata kukohoa kwanza.

Nikasema, huyu ni ndugu. Nani mwingine angelijua? Alisema Kiingereza mbio mbio, nikamjibu Kiswahili polepole, nikamsalimia inavyotakiwa: ameamkaje, mama yake ameamkaje, kwao mvua imenyesha? Yeye gari, gari, gari. Sina gari. Nikamuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani? Baba yako alitoka upande gani wa ziwa?"

Akakata.

"Mama," mkwe wangu akasema, macho sakafuni, "hao ni matapeli."

"Tapeli gani anakimbia salamu?"

Bon, nisingejali. Lakini nilikwenda Louisville kwenye harusi ya mtoto wa binamu yangu, na kabla sijavua viatu simu ikalia. Binamu akasikiliza, akacheka mpaka akakaa chini: wanauliza kama paa la nyumba yangu ya Louisville linavuja. Nyumba yangu! Mimi niliyelala kwenye godoro la watoto. Niliporudi nikaenda kliniki ya Westerville kwa ajili ya goti, na kesho yake mtu akapiga kuniuzia mkanda wa goti. Nani alimwambia? Goti lenyewe halisemi.

Wamama wa kanisa wakasema ni uchawi. Nikasema hapana, mchawi ana kazi zake, hahangaiki na mapaa. Huu ni umbea.

Mkwe wangu akaniomba simu aiangalie. Kwa heshima hapokei kitu mkononi mwangu. Nakiweka mezani, naondoa mkono, ndipo anakichukua. Akagusagusa.

"Mama, hii programu ya taa uliiweka wewe?"

"Ya kumulika ngazi nikishuka kufua."

"Kila siku inauliza uko wapi."

"Inauliza kwa adabu. Inabisha hodi, nami nagusa Ruhusu. Mtu akibisha mlangoni utamwambia nini? Karibu."

"Na jina?"

"Iliuliza, nikaipa. Ikaomba kujua na watu wangu wote walio kwenye simu. Nikaona ina upendo."

Alishika kichwa. Akanieleza kwamba ile taa huuza habari zangu kwa mtu, mtu huyo huuza kwa mwingine, mwingine huziunganisha na jina na namba, donc, yaani, zinatembea hivyo mpaka zinafika kwa anayepiga. "Hawakujui, Mama. Wamekununua."

Hapo nilielewa vizuri kuliko alivyodhani. Kijijini tulikuwa na mama mmoja aliyekuja kila jioni kuomba moto. Anachukua kaa moja tu, lakini macho yanazunguka: chungu kina nini, mgeni analala wapi, nani amenuna. Kabla moto wake haujawaka, kijiji kizima kinajua tumepika nini. Jina lake nalikumbuka, la mume wake, na ya watoto wake wote kwa kufuatana. Siyaandiki hapa. Nimejifunza.

Mkwe wangu akaifuta ile taa, halafu akanionyesha kwamba simu ilikuwa na taa yake tangu dukani. Lakini neno likishatoka kwa mwomba moto halirudi. Waliendelea kupiga.

"Mama, tufunge namba zote usizozijua."

"Thubutu!"

Mdogo wangu, wa tumbo moja, tuliyepotezana tukikimbia vita, alikuwa anatoka kambini Tanzania kuja Buffalo. Watu wanaopokea wakimbizi walisema watapiga akifika, na namba waliyokuwa nayo ni hii yangu peke yake. Tukifunga, tumempoteza mara ya pili. Kwa hiyo nilipokea wote, wa gari, wa paa, wa goti, na kila mmoja nikamsalimia vizuri, asije akawa ndiye.

Siku yenyewe nilikuwa nasonga ugali. Simu ikalia, mkwe wangu akapokea, akaweka sauti ya nje ili nisikie. Aliyepiga alikuwa mkalimani wa wale wanaopokea wakimbizi, Kiswahili chake safi cha Tanzania.

"Naomba jina kamili la mwenye simu hii, niwe na uhakika."

Mkwe wangu akageukia dirishani.

"Ni... Mama."

"Mama nani?"

"Mama wa mke wangu."

"Jina lake, kaka."

"Ni mama mfupi hivi. Anapenda chai."

"Nyie matapeli hamchoki? Nakata!"

Nikatupa mwiko, nikapiga kelele jina langu, la baba, la babu, mpaka ukoo wote ukaisha na majirani wakafungua madirisha. Mkwe wangu alitoka nje mbio, mikono masikioni.

Kisha ikaingia sauti nyingine, nyembamba, ya uzee. Kambini naye walishamwonya kuhusu matapeli wa simu.

"Kama kweli wewe ni yaya wangu," akasema, maana kwetu dada mkubwa ndiye yaya, "yule mbuzi aliyekula kikwembe, kile kitenge cha mama, aliitwa nani?"

Nikamtaja mbuzi. Nikamtaja na mama yake mbuzi.

"Yaya weee!"

Tulilia mpaka ugali ukaungua. Jina la mbuzi msiniulize.

Mkwe wangu akatupeleka Buffalo, mimi nimekaa kiti cha nyuma. Nyumba ya mbao kule West Side, na mlangoni amesimama mdogo wangu, kazeeka kama mimi, simu mpya mkononi, kidole juu ya Ruhusu.

"Yaya, njoo uone, hii simu ina adabu! Inaniuliza niko wapi."

"Usiifungulie!" nikapiga kelele, hata kabla sijamkumbatia.