Siku Tuliyoketi Mbele ya Mashine ya Kokoto

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya mwaka 2013, jua la Lodwar likiwa limeshaanza kuunguza, nilipoficha kichwa cha nyundo ndani ya karai la mawe nikaenda nacho hadi mdomoni mwa mashine. Leo unaniona nimetulia, unadhani nilizaliwa hivi. La. Keti nikueleze.

Nilikuwa mjane mgeni, nimetoka Lorugum na wanangu wawili, nikajiunga na wanawake waliokuwa wakiponda kokoto kwenye kilima kimoja nje ya mji. Serikali ya kaunti ilikuwa ndiyo kwanza imeingia. Ofisi na nyumba za kupangisha zilichipuka kila upande, na hakuna msingi usiotaka kokoto. Tuliponda kwa nyundo tangu alfajiri, nyusi zikageuka nyeupe kwa vumbi, lakini watoto walikula na shule walienda. Wewe unayejivunia vyeti vyako, ujue vilianzia kwenye mawe yale.

Kisha tajiri mmoja akaleta mashine ya kuponda mawe. Kazi yetu ya wiki, yenyewe iliimaliza asubuhi moja. Malori yakawa yanatupita kama vichaka vya kando ya njia. Haukupita muda, wenzetu watano wakaenda Kakuma kutafuta nguo za kufua katika kambi ya wakimbizi, akiwemo binamu yangu, mtoto mgongoni. Wiki hiyohiyo tajiri akaleta lori la pili. Moyo wangu ukachacha.

Wahenga walisema hasira hasara, lakini mwenye njaa huwasikia wapi wahenga? Nilijifanya kibarua, nikalibeba karai langu. Nia yangu ilikuwa chuma kile kiingie, meno ya mashine yavunjike.

Nakiru, mkubwa wetu kwa umri, aliniona. "Abdi! Zima! Zima hiyo kitu!"

Abdi, fundi Msomali aliyekulia kambini Kakuma, akazima. Nakiru akachopoa kile chuma, akakiinua mbele ya watu wote. Mwanangu, natamani ardhi ingenimeza siku ile.

"Ulitaka kuua nani?" akaniuliza. "Tajiri ako wapi hapa? Mwenye anasimama karibu na mashine ni Abdi, kibarua kama wewe."

"Lakini mashine imekula kazi yetu, mama!"

"Mashine haina tumbo. Uliza nani anakula." Akanishika mkono, na sauti yake ikashuka. "Ukivunja hii, ataleta ingine. Lakini hii mlima, ataleta ingine kutoka wapi?"

Akaenda akaketi juu ya mawe, mbele kabisa ya mashine. Mmoja akamfuata, kisha mwingine, hadi wote tukaketi. Abdi alitutazama, akafuta mikono kwa kitambaa, akakataa kuiwasha.

Tuliketi siku tatu. Tajiri alikuja na makelele na vitisho vya polisi. Chifu naye akaja, na nyuma yake wazee wa vijiji, maana kilima kile ni malisho yao na hakuna aliyewauliza neno. Siku ya tatu tajiri akaongea kwa upole, kofia mkononi.

"Mnataka nini? Niondoke?"

"Hatutaki uondoke," Nakiru akamjibu. "Tunataka kuingia."

Na tukaingia! Wazee walisimamia maneno: kazi zote za pale ziwe zetu, kila lori likitoka kikundi chetu kipate fungu lake, na Abdi atufundishe mashine. Mwanafunzi wa kwanza nilikuwa mimi, niliyekuwa nashindwa hata kumtazama usoni. Alinipa spana, akacheka. "Dada, leo ingia uijue huko ndani."

Siku niliyoiwasha mwenyewe, vigelegele vilisikika hadi barabarani. Binamu yangu alipopata habari alirudi kwa pikipiki. Wawili kati ya wale watano hawakurudi kamwe, nami sijawasahau. Miaka ikapita, kikundi kikanunua mashine yake, na fundi mkuu akawa mamako huyu.

Sasa wewe unanijia na hofu kwamba kompyuta zitawanyang'anya kazi za ofisini. Hofu yako ina msingi. Kitu kipya kikimilikiwa na mmoja, yeye hunenepa na mtaa mzima hukonda. Basi usikimbie, wala usibomoe. Jifunze namna kinavyofanya kazi. Uliza kinakula nini na chakula hicho ni cha nani. Mara nyingi utakuta ni chako. Kisha waite wenzako, kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa. Na ukishaingia, mwanangu, mlango uuache wazi kwa anayekuja nyuma.

Nenda sasa. Akuj, Mungu wetu Waturkana, akupe mvua kwa wakati wake, akupe akili za kuvuka kila jipya, na asikukoseshe watu wa kuketi nawe.