Euphrasia na Binti Aliyemsahau

Mwaka 1951 Euphrasia alipelekwa kambi ya wakoma, mbali sana na kwao Masumbwe. Binti yake, Generosa, alikuwa bado ananyonya. Dada mkubwa wa Euphrasia, Scolastika, ndiye aliyembeba mtoto mgongoni siku ile, na Euphrasia akapanda lori bila kumbusu, maana alikatazwa kumgusa.

Kambini alimeza vidonge miaka sita. Wenzake kadhaa walitoroka kwa kuona dawa inakawia, yeye alibaki. Kila alipoona mtoto wa wageni, alipiga hesabu moyoni: wangu sasa anatembea, wangu sasa anachota maji.

Alipoambiwa amepona, vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimejikunja, havikunjuki. Akarudi na gauni alilomshonea Generosa mwenyewe. Lilikuwa dogo, halikupita hata mabegani.

"Generosa, mwamkie mama yako aliyekuzaa," alisema Scolastika.

Mtoto akajibanza nyuma yake. "Mama yangu ni wewe."

Scolastika akainua mkono amchape. Euphrasia akamzuia.

"Mwache, dada. Hajanikosea. Dawa niliingoja, na yeye nitamngoja."

Akajengewa kibanda ng'ambo ya shamba. Generosa alitumwa kumpelekea ugali; aliuweka mlangoni, akakimbia. Euphrasia alimshukuru akiwa ndani, asimtishe kwa kutoka. Kisha alikula akilia, kwa kuwa nyayo zile zilikuwa karibu mno.

Mvua zikaja, zikaisha. Alasiri moja mtoto alimkuta aking'oa karanga kwa mkono mmoja, asikimbie.

"Huo mwingine unauma?"

"Hauumi tena."

Generosa akachuchumaa, akaanza kuchambua karanga pamoja naye. Hawakuzungumza sana. Euphrasia aliogopa hata kukohoa. Kikapu kilipojaa, mtoto akasimama, akajipangusa udongo magotini.

"Nakwenda, mama mdogo."

Ndivyo mtoto anavyomwita mdogo wa mama yake. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa ametafuta mwenyewe jina la kumpa mgeni huyu, na alilitamka kwa upendo.

Euphrasia akavuta kikapu kwake.

"Haya, mwanangu. Kamsalimie mama."

Tangu hapo Generosa alikuja kila siku, akamchotea maji, akalala kwake wakati wa mavuno. Walipendana. Lakini jina lile halikubadilika, hata alipoolewa, na Euphrasia hakulisahihisha hata mara moja. Aliliitikia.