Siku Niliyoshukuru Chama kwa Granti ya Mtoto

Leo nacheka, lakini siku ile ningepata shimo ningeingia nisitoke, na mpaka sasa nikipita mbele ya ukumbi wetu hapa mtaani La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, natembea haraka kama mtu aliyeiba kuku.

Chanzo ni Mama Neema, jirani yangu, Mkongomani kama mimi, anayejua kila kitu (hata asichokijua). "Mama Plamedi, unakula granti ya mtoto halafu hauonekani kwenye mkutano wa chama tawala? Wanaandika majina, watakukata!" Granti ile, pesa ya serikali ya kila mwezi, ndiyo maziwa na nauli ya shule ya Plamedi, basi nikavaa fulana ya chama aliyoniazima, nikaenda kukaa kiti cha mbele kabisa, waniandike vizuri.

Kumbe ulikuwa mkutano wa wakazi tu, hauna chama. Mwenyekiti, mama mmoja chotara asiyecheka ovyo, akauliza nani ana neno, na mimi, badala ya kunyamaza kama wenye akili, nikasimama nikashukuru chama kwa kunilishia mtoto, nikaongeza (Mungu anisamehe) kwamba kura yangu wanayo.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee mmoja Mzungu akanigeukia. "Binti, mimi napokea granti ya uzee miaka mingi, sijawahi kumshukuru mtu. Hata kura sipigi, na hawajanikata."

"Wewe nani atakutisha, mzee?" dada mmoja Mzulu akamrukia kutoka nyuma. "Sisi ndio tunaotishwa kila uchaguzi, mpaka gogo, bibi yangu, anapanga foleni ya kura na homa yake!"

Mwenyekiti akaniuliza ninapigia kura wapi. Nikatoa karatasi yangu ya ukimbizi, kwa fahari kabisa.

"Mama, mkimbizi hapigi kura hapa."

Wakacheka tena, safari hii mpaka yule mzee akatoa leso. Hasira ikanipanda. "Sawa, sina kura! Lakini roboti, taa ya kuongoza magari pale shuleni, imezimika mwezi mzima, watoto wetu wanavuka kwa kubahatisha, na hiyo nayo inataka kura?"

Mwenyekiti akachukua kalamu, akaandika.

"Eish, sisi," yule dada akasema (kwao "sisi" ni dada), "si ungeanza na hilo!"

Granti iliingia siku yake ileile. Nikamfuata Mama Neema nimsute, naye akanijibu bila aibu, "Umeona? Ni kwa sababu ulienda!"

Nimeapa: mikutano nitaenda, na nitapiga kelele, lakini simshukuru tena mtu yeyote kwa haki ya mwanangu.