Akiachishwa Ziwa

Zalia alizaliwa Mahajanga na akaolewa hapo hapo, katika mtaa wa Waantalaotra, wale Waislamu wa pwani waliofanya biashara chini ya wafalme wa Kisakalava wa Boina. Hakuwa mtu wa kutajwa mbali. Alijulikana mtaani kwa mikeka yake ya kusalia, ambayo haikufumuka pembeni hata ikichakaa katikati. Mumewe, Kamardini, alipeleka vitambaa vya Kihindi vya Surati huko bara na kurudi na mchele na ngozi. Walikaa miaka mingi bila mtoto. Zalia akavumilia maneno ya mawifi, akavumilia na dua za watu waliomwombea kwa sauti kubwa mno, hata mvua za mwaka mmoja zilipokuwa zikiisha, akamzaa Alawi.

Kiangazi kilichofuata kilijaa sherehe. Kulikuwa na tohara ya watoto wa ukoo kule Ambanoro, katika kisiwa cha Nosy Be. Kulikuwa na harusi, kulikuwa na maulidi, na mwisho wa yote ilikuwa ije fanompoa, siku kuu ya Wasakalava ya kuosha masalia ya wafalme wao, ambayo hujaza mji wa Mahajanga watu na ng'ombe. Kamardini aliapa kwamba mwanawe hatakosa hata moja.

"Nimengoja mno," alisema. "Sasa na watu wamwone."

Walianza na Ambanoro. Mama yake mdogo Zalia, Bi Rukia, aliyekuwa na ulimi mkali na mikono laini, aliwapokea mlangoni.

"Nileteeni huyo nyani wenu! Astaghfirullah, ubaya gani huu? Pua kama kitunguu! Zalia, ulimwokota wapi?"

"Alikuwa ametupwa njiani, mama mdogo. Nikamwonea huruma."

"Basi mrudishe ulikomtoa."

Wanawake wakacheka, mtoto akapita mikononi mwao, kila mmoja akimtukana kwa mapenzi. Hakuna aliyemsifu, maana mtoto anayesifiwa huvuta jicho. Lakini matani hayo yalikuwa na mipaka yake. Mgeni aliruhusiwa kumwita nyani, kaa au kitunguu. Jina la uchafu, lile ambalo mtoto hupewa ili mauti yamwone si kitu na yapite, hilo lilikuwa jina la baba kutoa, au babu. Mwingine hakuligusa.

Siku ya tatu ya tohara akafika Tsivery.

Zalia alimwona akipanda kutoka ufukweni, amejifunga shuka ya kibara, uso umemsawajika kwa kichefuchefu. Alikuwa Msakalava mwenye ng'ombe wengi, aishiye mbali huko bara, ng'ambo ya Belobaka, na kila mtu alijua kwamba aliogopa bahari. Alikuwa na wake wawili na hakuwa na mtoto. Naye na Kamardini walikuwa ndugu wa kuchanjiana.

Jambo hilo lataka maelezo. Wafanyabiashara wa pwani walichanjiana na wakuu wa bara ili njia iwe salama. Kila mmoja hujikata kifuani, damu ikapakwa kipande cha tangawizi, wakabadilishana wakameza. Kisha mkuki huwekwa ndani ya bakuli la maji, na maneno yakasemwa: Changu ni chako. Ukiniomba sikunyimi. Nikikunyima, damu hii inigeukie tumboni. Kamardini aliyasema maneno hayo huku akiwaza magunia yake ya mchele. Alikuwa na ndugu wa namna hiyo watatu, na mmoja wao hata jina lake alikwisha kulisahau. Kwake ilikuwa desturi ya safari, kama kulipa maji ya kisima. Tsivery alikuwa na ndugu mmoja tu.

Mgeni yule alipokwisha kunywa maji, aliomba kumpakata mtoto. Alimshika vizuri, mkono chini ya shingo. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya upole, "Huyu ni Samadi."

Bi Rukia aliacha kupepeta.

Kamardini akacheka. "Samadi! Jina zuri kwa mtoto wa mfuga ng'ombe!"

"Ndiyo," alisema Tsivery. Hakuwa akicheka.

Jioni ile Bi Rukia alimvuta Zalia jikoni. "Mwanangu, yule mtu amevuka bahari anayoiogopa ili ampe mtoto wako jina la baba. Mumeo amelipokea."

"Alidhani ni mzaha, mama mdogo."

"Mzaha una watu wake. Yule si mmoja wao."

Waliporudi Mahajanga, maulidi yaliwakuta. Mtaa ulinukia ubani na wali wa nazi, mashairi ya kumsifu Mtume yakapokezanwa uwanjani, na Alawi akalala katikati ya kelele zote kama mtu mwenye nyumba yake. Zalia alijilazimisha kufurahi. Alikuwa amengojea miaka yote ile kukaa kwenye safu ya akina mama, mtoto mapajani, akilalamika usingizi kama wenzake. Kwa saa chache alifaulu.

Kesho yake mtumishi wa Tsivery alifunga ndama mweupe mbele ya nyumba. "Zawadi ya Samadi," alisema, akaondoka.

Kamardini alimzunguka ndama yule akimpapasa mgongo, akiwaita majirani waje waone. Zalia alimwangalia masikio. Kila ukoo wa Kisakalava una mkato wake kwenye sikio la ng'ombe, na ng'ombe akihama nyumba, sikio hukatwa upya kwa alama ya anayempokea. Akiwa ni wa mtu asiye na alama, huachwa mzima. Sikio la ndama huyu lilikuwa limekatwa juzi tu, damu ilikuwa bado haijakauka vizuri. Mkato ulikuwa wa Tsivery.

"Baba Alawi, huyu ndama ni wa nani?"

"Wa mwanao. Hukusikia?"

"Basi mbona sikio ni la Tsivery?"

"Wabara ndivyo walivyo, kila kitu lazima wakikate."

"Mtu humkata sikio ng'ombe anayebaki nyumbani kwake. Tsivery anasema ng'ombe na mtoto ni wa zizi lake moja. Mrudishie."

"Nimrudishie zawadi ndugu yangu wa damu? Nitapitaje njia ya Belobaka mwakani?" Akamshika bega kwa upole. "Mke wangu, msimu huu wa furaha usinitilie nzi kwenye maziwa."

Kamardini hakuwa mtu mbaya. Hakupiga mke, hakupunja mizani, hakukosa Ijumaa. Lakini aliona uzito kusema hapana, na watu wakamsifu kwa hilo, wakamwita mkarimu. Mimi siuiti ukarimu. Mtu anayekubali kila kitu ni mvivu wa kukataa, na uvivu wake hulipwa na walio nyuma yake.

Zalia alikwenda kwa mwalimu wa msikiti. Mzee yule alimsikiliza akasema kwamba kiapo cha damu hakina nguvu mbele ya Mungu, na mtu hapewi mtoto kama kikapu.

"Basi, mwalimu, utamwambia Tsivery?"

Mwalimu alitazama mlangoni. Msikiti ulijengwa kwa idhini ya mfalme, na watu wa mfalme ndio waliokuwa wakichanjiana. "Mumeo ndiye aliyeapa," alisema. "Mumeo ndiye aseme."

Ikaja fanompoa. Ngoma zililia tangu alfajiri, watu wakashuka kutoka bara kwa makundi, wanawake wakiimba, miili imepakwa udongo mweupe. Kamardini alimbeba Alawi begani akamwonyesha kila kitu. Karibu na boma la masalia, mahali ambapo mtu hasemi uongo, Tsivery aliwangojea pamoja na wazee wa ukoo wake. Wake zake wawili walikuwa nyuma yake. Mmoja alikuwa ameshika mbeleko mpya iliyokunjwa.

"Ndugu yangu," alisema Tsivery, na watu wakasogea kusikiliza. "Tangu tumeze tangawizi sijakuomba kitu. Umepita kwangu salama, wewe na mizigo yako. Mtoto nimempa jina, ukacheka, ukalipokea. Nimempa ndama, ukamfunga. Sasa nakuomba. Nipe Samadi nimlee."

Zalia alinyoosha mikono amchukue mwanawe kutoka begani kwa mumewe. Kamardini alimwachia bila kumtazama. Neno moja tu lilihitajika, na kila mtu pale alijua ni lipi. Pengine lingemwua, kama kiapo kilivyosema. Pengine lingemfungia tu njia ya bara. Zalia aliona mdomo wake ukifunguka, akaomba kimoyomoyo.

"Bado ananyonya," alisema Kamardini. Kisha, akifurahi kwa kuipata njia ya pembeni, akatabasamu. "Akiachishwa ziwa, ndugu yangu. Akiachishwa ziwa ni wako."

Wazee wakaitikia. Yule mke mwenye mbeleko akaikunja tena, polepole, akaitia kwapani.

Njiani Kamardini alisema, "Umeona? Nimetupatia muda. Mwaka na zaidi! Lolote laweza kutokea."

Zalia alimfunga Alawi mgongoni, akatangulia. Tangu siku hiyo hakumjibu mambo mengi.

Mtoto alipotimiza miaka miwili, wenzake Zalia walikuwa wakipaka shubiri kwenye maziwa yao ili watoto waache. Zalia alipaka asali. Aliinunua kwa mikeka yake na kuihifadhi katika kibuyu kidogo juu ya kitanda. Alawi alitembea, akasema, akaanza chuo cha msikitini, na bado kila asubuhi na jioni aliitwa ndani anyonye. Mawifi walisema kichwa cha Zalia kimeharibika. Bi Rukia alivuka kutoka Ambanoro kumsihi akimbilie huko, kisha yeye mwenyewe akayakatiza maneno yake, akikumbuka kwamba Tsivery aliwahi kuvuka bahari ile na kichefuchefu chake.

Kila mwaka, asubuhi ya kwanza ya fanompoa, Tsivery alipiga hodi. Hakuwahi kuinua sauti. Alikaa barazani, akanywa maji, akauliza, "Ameacha?"

"Bado," Zalia hujibu.

"Nitangoja. Ng'ombe wake wanaongezeka."

Na kweli, ndama alikua akawa ng'ombe, naye akazaa, na kila ndama aliyezaliwa alikatwa sikio kwa alama ileile.

Chuoni watoto wenzake Alawi walimtungia wimbo: "Alifu, be, te, mama, lete ziwa!" Walimwimbia asubuhi, wakamwimbia akirudi. Akapigana na mmoja, akapigwa na watatu.

Ngoma za fanompoa zilipoanza tena, Zalia alimwita ndani kama kawaida. Alawi alisimama mlangoni na ubao wake wa kuandikia kifuani.

"Njoo, mwanangu."

"Sitaki, mama. Wananicheka."

"Leo tu. Njoo."

Alishusha kibuyu, akapaka asali, akamvuta. Mtoto aligeuza uso, akafumba mdomo, akatikisa kichwa. Akapaka tena. Akamsihi kwa jina lake, kisha kwa majina yote mabaya ya mapenzi, nyani, kaa, kitunguu. Alawi alijinasua akakimbilia nje.

Kamardini alikuwa amekaa barazani, akiangalia mikono yake. Mbele yake mgeni mrefu alikuwa akiteremsha kata ya maji.

"Ameacha?" aliuliza Tsivery.

Zalia alifika mlangoni na kibuyu mkononi, lakini mtoto alimtangulia. Alijinyoosha, kifua mbele, ili hata watoto wa njiani wasikie.

"Nimeacha!" alisema Alawi. "Mimi nimekuwa mkubwa."