Kifungu cha Sita cha Mama Jeannine

Mama Jeannine husafisha ofisi za katikati ya Birmingham tangu alfajiri, hurudi nyumbani Ladywood kwa miguu, na bado hubaki na nguvu za kugombana kuhusu katiba. Shirikisho letu la Wakongo lina matawi manne, na zamani liliongozwa na Norbert, mtu aliyetaka kutuamulia hadi sare za kwaya. Alipotuandikia kwamba matanga yasizidi siku moja, Jeannine alipandwa na hasira, akaandika kifungu cha sita: kamati kuu itaandaa mkutano wa mwaka na kutusemea mbele ya halmashauri ya jiji, mengine yote ni ya matawi. Tulikipitisha kwa shangwe. Uchaguzi uliofuata tukampa yeye uenyekiti.

Mwezi uliopita mdogo wake, Annonciata, alifiwa na mume huko Coventry. Hawakuwa wamefunga ndoa kanisani, basi viongozi wa tawi la huko wakamnyima ukumbi wa matanga. Eti si mjane. Miaka kumi na saba, watoto watatu, si mjane! Nilitamani kuwazaba vibao.

Jeannine aliandika amri ukumbi ufunguliwe, akaileta kwenye kamati yetu pale Sparkbrook. Norbert, ambaye bado ni mjumbe, akavaa miwani taratibu, makusudi kabisa, akafungua katiba.

"Mama, kifungu ya sita. Matanga iko ya tawi."

"Norbert, usinichezee. Ile niliandika juu yako!"

"Najua. Lakini jina yangu haiko ndani."

Nilimchukia yule mzee, na zaidi kwa kuwa alikuwa sahihi. Annonciata, aliyekuwa ameketi karibu na mlango na kitambaa cheusi kichwani, akasimama.

"Yaya, dada yangu, we ndiye mukubwa ya bote. Ile karatasi inanipita mie?"

Jeannine angeweza kusaini. Wengi wetu tungefumba macho, na nasema wazi kwamba nami ningefumba. Alishika kalamu muda mrefu, kisha akaichana ile amri.

"Matanga itakuwa kwangu," akasema.

"Bantu ya bwana yangu beko Coventry," Annonciata akajibu, akiwa na maana ya ndugu za marehemu, akatoka.

Rafiki yake mmoja wa Coventry alimpa sebule. Jeannine alikwenda huko siku ya kwanza, na sufuria ya maharage. Mdogo wake alimpa mkono tu mlangoni, kama mgeni, mbele ya watu wote.

"Karibu, Madame la Présidente," alisema.