Niliigiza mtoto aliyekufa, leo mama yangu anaamini nilikufa kweli

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Ninayoandika hapa sijatunga, ingawa kutunga ndiyo kazi yangu.

Mimi ni prodyuza wa filamu. Nilianza utotoni, kwenye tamthilia ya kituo kimoja cha Dar, nikiishi kwa mjomba. Mama alibaki Tanga, Mabawa, akinitazama kwenye TV ya jirani.

Mwishoni, mtoto niliyemwigiza akafa. Nikavishwa sanda, nikabebwa kwenye jeneza.

Hakuna aliyekumbuka kumwambia mama. Alizimia palepale kwa jirani. Ikabidi mjomba anipandishe basi, mama akanipapasa kichwa hadi miguu mbele ya mtaa mzima.

Majirani walimtania sana. "Mama Marehemu, mwanao leo kala nini?" Naye alikuwa akicheka.

Nilipokua nikashika kazi yangu mwenyewe. Dar, Mwanza, Mombasa, Pangani. Mtu wa njiani mimi, nyumbani simu tu.

Majuzi dada akanipigia, mama anasahau, njoo.

Nikamkuta barazani anachambua mchele. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba vizuri tu, akaniuliza mimi mtoto wa nani. Nikataja jina langu.

"Hilo jina la mwanangu. Alikufa Dar, mdogo. Nimeona kwa macho yangu wakimbeba."

Dada akamwambia ule ulikuwa mchezo, mama, huyu ndiye. Akakasirika. Sanda haichezewi, alisema. Kisha akaanza kulia, kilio cha msiba wa leo.

Nimemwonyesha picha. Nimemwekea filamu zangu, jina langu likipita mwishoni. Anasema mama yako ana bahati.

Alhamisi iliyopita, baada ya magharibi, akaniita pembeni.

"Baba, kusoma unajua?"

Nikasema najua.

"Basi nisomee Fatiha, ya mwanangu. Huyu binti hataki."

Dada alisikia, akainama. Mimi nikainua mikono, nikajisomea. Mama akaitikia amina, akajifuta uso, akalala vizuri kuliko siku zote.

Sasa ananiita ustadhi.

Nilichojifunza ni hiki: kila nikijitambulisha, nampa habari ya msiba upya. Nimeacha kujitambulisha.

Mliowahi kuuguza mzazi wa namna hii, naomba mniambie. Huwa wanarudi, japo kwa siku moja? Andikeni mlichokiona tu. Kufarijiwa nimefarijiwa vya kutosha.