Mama Teresina Alipogoma Kula

Nianze na ukweli usije ukanisifia bure: nilipokuwa nikimwogesha Mama Teresina sikuhisi kitu. Namwaga maji, nasugua mgongo, namgeuza, namkausha. Ndivyo ninavyoosha vichwa vya wateja saluni kwangu Malakia, na vichwa havijawahi kuniliza.

Mimi ni Ritah, Muganda wa Masaka. Mwaka wa sita sasa nimepanga chumba kwake hapa Juba, mtaa wa Hai Malakal. Yeye ni wa kabila la Wakuku wa Kajo-Keji, mjane, katekista. Amefundisha dini miaka thelathini, nusu yake ukimbizini Uganda chini ya turubai, nusu hapa Juba. Tunaongea Kiswahili cha kuokoteza, chake cha kambini, changu cha stendi ya mabasi, na tunaelewana vizuri hata katika kugombana.

Kabla hajaugua, hukupita mlangoni kwake salama. Hata muuza mkaa alisimamishwa na gunia lake kichwani: "Wewe, Mungu alikuumba kwa nini?" Na ole wako ukijikuna kichwa! Jibu ni moja, ninalo tangu shule ya msingi: ili nimjue, nimpende, nimtumikie, nipate kufika kwake mbinguni. Lakini Mama Teresina hakuyapima sawa hayo mambo matatu. "Kujua, hata shetani anajua," alikuwa akisema. "Kupenda, kila mtu anasema anapenda. Kutumikia ndiyo inaonekana." Naye alionekana, jamani. Afagie kanisa alfajiri, aoshe maiti, ashinde kwa mgonjwa asiye na ndugu, jioni afundishe watoto. Alinichosha kwa kumtazama tu.

Mwezi wa kwanza mwaka huu kiharusi kilimkuta kanisani na ufagio mkononi. Upande wote wa kulia ukafa ganzi, mdomo ukapinda, maneno yakawa yanatoka vipande vipande. Bintiye Annet akaja kutoka Arua, akalia siku tatu, akarudi kwa watoto wake watano. Basi kazi ikabaki kwangu. Ingebaki kwa nani? Mimi naye tumetenganishwa na ukuta mmoja.

Kwaresima ilipoanza nikaona sahani zinarudi na chakula. Nikadhani anafunga, nikamwacha. Kumbe wapi! Mchana mmoja nilimpelekea asida, ule ugali wao wa huku, pamoja na bamia. Akaisukuma sahani kwa mkono wa kushoto.

"Asiyefanya kazi na asile," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Kujua, najua," akasema. Alihitaji muda kulimaliza kila neno. "Kupenda... sijui, moyo umenyamaza. Kutumikia imekwisha. Sasa mimi iko ya nini? Mungu analisha nini hapa?"

Hasira zilinipanda. Nikamwambia maneno yale yaliandikiwa wavivu, hayakuandikiwa wagonjwa. Akanijibu nisimfundishe dini yeye, nikasuke nywele. Nikaenda nikasuka nywele.

Zikapita wiki. Alikuwa akikubali vijiko viwili vya uji ili nimwondokee, basi. Muuguzi alikuja akamtazama koo, akasema koo ni zima. Mifupa ya mabega ilianza kutokeza, nikawa nasugua taratibu nisije nikamchubua. Asubuhi namwogesha, naenda saluni, narudi, nakuta sahani kama nilivyoiacha, nawamwagia kuku wa jirani. Wateja wakiuliza hali ya mwalimu nasema, "Yupo." Annet akipiga simu nasema anakula kidogo. Niliusema uongo ule bila hata kumeza mate, na nikikata simu nalala usingizi mzito.

Padri Constantine alikuwa akija kila Jumamosi kumletea Ekaristi. Alikuja mara tatu, na mara tatu mwalimu akafunga midomo. Hiyo ya tatu Padri alikaa chini kabisa kwenye mkeka, kijana wa watu, jasho linamtoka.

"Mama," akamwambia, "Mungu hakutuumba kwa sababu alipungukiwa na wafanyakazi."

"Najua, Padri. Nilifundisha hiyo kabla wewe hujazaliwa."

Padri akambariki, akaniangalia kama anayeomba msaada, akaondoka. Mimi ningemsaidia nini? Alimwambia la kweli, na la kweli lenyewe lilikuwa kichwani mwa mama yule siku zote. Kichwa chake hakikuwa na ugonjwa wowote.

Alipoondoka, Mama Teresina akaniambia nimsomee Biblia. "Soma mwanzo." Nilikuwa nimetoka kumsuka bi harusi pamoja na shangazi zake wanne, tangu alfajiri nimesimama, miguu inawaka moto. Nikasoma mbiombio ili nimalize nikalale. Nuru, maji, majani, samaki, wanyama, watu. Kisha Mungu akapumzika. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Eh! Huyu Adamu naye ana bahati," nikasema. "Kaumbwa jana, leo anaamkia sikukuu! Mimi nangojea Pasaka."

Nilikuwa nalalamikia miguu yangu tu. Lakini Mama Teresina akageuza kichwa.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hiyo ya Adamu."

"Kaumbwa siku ya sita. Siku ya saba ni mapumziko. Basi siku yake ya kwanza nzima hapa duniani hakufanya kazi yoyote. Hata jembe hajalishika."

"Alipewa bustani, ailime."

"Hiyo iko mbele huko, sijafika."

"Na Mungu alisema nini?"

Nikarudi nyuma kwa kidole, nikatafuta. "Alisema ni vyema sana. Na alisema jana yake, mwalimu, kabla jamaa hajainua hata kijiti."

Akafumba macho. Nje boda zilikuwa zikipita, jirani anamwita mtoto wake akaoge. Nilifikiri amesinzia, nikaanza kuinuka.

"Alikula nini hiyo siku?" akauliza.

"Nani?"

"Adamu."

"Sijui mimi. Alichokikuta."

Jicho lake la kushoto lilikuwa limelowa. La kulia hutoa machozi ovyo tangu augue, hilo silihesabu.

"Na hapa," akasema, "kuna nini?"

Kulikuwa na asida ya mchana, imepoa imekuwa ngumu, na bamia. Nikasema nipashe moto. "Khalas, lete," akasema, na nilijua hapo hakuna mjadala. Nikamega, nikachovya, nikamtia mdomoni upande wa kushoto. Akatafuna. Nikamega tena. Alikula vibaya, nusu inamrudia kidevuni na kumwagikia nguo, na zamani angekufa kwa aibu kuonwa hivyo. Alikula karibu robo tatu ya sahani. Kisha akasema Jumamosi ijayo Padri asiupite mlango wake, aingie na Ekaristi.

Nikachukua kitambaa nimfute kidevu. Kikaniponyoka. Nikakiokota, kikaniponyoka tena. Nikatazama mikono yangu, hii inayosuka rasta nyembamba kama uzi, leo imeshindwa na kitambaa.

"Wewe Ritah, una nini?"

Nilitaka kusema nimechoka. Yakatoka mengine.

"Niliogopa utakufa, Mama."

Nilikuwa nimeogopa wiki zote zile, wala sikujua.